MSAADA ULIOMO NDANI YA PROGRAMU ZA LAHAJEDWALI: HISTORIA YAKE NA NAFASI YA KISWAHILI

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu sasa wataalamu wa Kiswahili wamejishughulisha na suala la istilahi za kompyuta. Imejadiliwa kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Kama kile kidude kinachosukumwa kwa mkono juu ya meza kiitwe kipanya au puku. Na kama maneno ya kuingilia yaitwe nywila au neno la siri. Mijadala hiyo ina manufaa yake, na haikusudiwi kubezwa hapa. Hata hivyo, uko upande mmoja wa lugha ya kompyuta ambao haukuangaliwa kwa makini yanayoustahili, nao ni lugha ya maelezo: yale maandishi yaliyowekwa ndani ya programu yenyewe ili mtumiaji aliyekwama apate kuelekezwa bila kumwita mtu.

Makala haya yanachunguza historia ya maandishi hayo katika aina moja ya programu, yaani programu za lahajedwali. Aina hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, imeenea sana miongoni mwa watu wasio mafundi wa kompyuta lakini wenye hesabu za kuweka: makarani, walimu na waweka hazina wa vyama. Pili, uwekaji hesabu ni kazi ambayo Kiswahili kimekuwa na msamiati wake tangu zamani za biashara ya pwani, na kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba jambo lenyewe ni geni kwa lugha hii. Mahali palipochukuliwa kuwa kipimo ni Mikinduri, mji mdogo wa soko katika Tigania Mashariki, Wilaya ya zamani ya Meru, ambayo tangu mwaka 2013 ni sehemu ya Kaunti ya Meru nchini Kenya.

Hoja inayotetewa ni hii: Kiswahili kimepewa majina ya vitufe bila kupewa maelezo ya kazi ya vitufe hivyo, na kwamba sehemu ya sababu haimo katika makampuni ya programu tu, bali imo pia katika namna taaluma ya Kiswahili yenyewe ilivyoielewa kazi yake, yaani kuwa ni kazi ya kuunda istilahi.

2. Asili ya msaada wa ndani

Programu ya kwanza ya lahajedwali kuuzwa kwa wingi ilikuwa VisiCalc, iliyotungwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kutolewa mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Wazo lake lilitokana na karatasi ya hesabu yenye mistari na safu, ila hapa tarakimu moja ikibadilishwa, zote zinazoitegemea hubadilika papo hapo. Nafasi ya kuhifadhi kumbukumbu katika kompyuta za wakati huo ilikuwa ndogo mno kuweza kubeba maelezo marefu. Mnunuzi alipewa kitabu na kadi ya marejeo, na alipokwama alifunua kurasa. Msaada ulikuwa mezani, haukuwa ndani ya programu.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1983 ilipotolewa Lotus 1-2-3, programu ya kampuni iliyoanzishwa na Mitch Kapor, iliyokusudiwa kompyuta ya IBM. Mtumiaji wa Lotus alipobonyeza kitufe cha F1, skrini ilimwonyesha maelezo yahusuyo jambo lile lile alilokuwa akilifanya. Desturi hiyo ilienea, na hadi leo F1 ni kitufe cha kuomba msaada katika programu nyingi.

Kampuni ya Microsoft ilitoa Excel mwaka 1985 kwa kompyuta za Macintosh, na mwaka 1987 kwa mfumo wa Windows. Yafaa kutaja hapa jambo moja ambalo ni muhimu kwa hoja ya makala haya. Ili kuwavuta watu waliozoea Lotus, Excel iliwekewa kwa miaka mingi sehemu maalumu ya msaada kwa ajili yao. Mtumiaji aliandika amri kama alivyoizoea katika Lotus, na programu ikamwonyesha amri ya Excel inayolingana nayo. Kwa maneno mengine, watungaji walikubali kwamba mtu anayeuliza huuliza kwa msamiati alionao, si kwa msamiati wa programu asiyoijua bado, na wakagharimia daraja la kumvusha. Daraja hilo lilijengwa kwa sababu watu wa Lotus walikuwa soko kubwa. Hakuna sababu ya kiisimu iliyozuia daraja kama hilo lisijengwe kwa watu wengine.

Katika toleo la Office 97 Microsoft ilijaribu njia nyingine. Ilimweka katika skrini kibonzo cha kibanio cha karatasi chenye macho, kilichoitwa Clippit, kilichojitokeza chenyewe na kumwuliza mtu kama anahitaji kusaidiwa. Nyuma yake palikuwa na utafiti wa kutosha juu ya namna ya kukisia nia ya mtumiaji, lakini watu wengi walikichukia, kwa kuwa kiliingilia kazi bila kuitwa na mara nyingi kilikisia visivyo. Mwaka 2001 kilizimwa, isipokuwa kwa aliyekitaka, na katika Office 2007 kikaondolewa kabisa. Tangu hapo sehemu kubwa ya maelezo imehamia katika mtandao, na anayebonyeza F1 hupelekwa huko. Mahali ambapo intaneti hununuliwa kwa vifurushi vya simu, uhamisho huo ni gharama ya fedha.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, historia ya mashine na hesabu ilianza kwa njia mbili tofauti. Nchini Tanzania, Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu mwaka 1965, lakini mfumo wake wa hesabu ulishindwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo, Wizara ya Kilimo ilianza kutumia kompyuta ndogo katika kazi za bajeti, na uzoefu huo ulielezwa na Pinckney, Cohen na Leonard katika makala yao ya mwaka 1983. Katika nchi zote mbili mashine iliingia kupitia ofisi ya juu ya serikali, mahali ambapo Kiingereza kilikuwa lugha ya maandishi. Suala la lugha ya msaada halikuzuka kwa sababu aliyekaa mbele ya mashine alikuwa tayari amechujwa kwa Kiingereza.

3. Mikinduri na lugha zake

Lugha ya nyumbani Mikinduri ni Kimeru, na hasa lahaja ya Kitigania. Kiswahili kilifika katika nchi ya Meru pamoja na wafanyabiashara na utawala. Boma ya Meru ilianzishwa mwaka 1908, na katika baraza, mahakama na soko la watu mchanganyiko Kiswahili kikawa lugha ya kukutana. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, hata ikawa kila aliyemaliza shule tangu hapo amekisoma na kukiandika. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, iliendelea mbele zaidi na kukifanya kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi.

Kiingereza kinakuja cha tatu. Ndicho lugha ya kufundishia masomo mengine, na mtu aliyefika kidato cha nne hukisoma. Lakini kukisoma Kiingereza cha kitabu cha jiografia na kukisoma Kiingereza cha maelezo ya programu ni mambo mawili tofauti. Kiingereza cha maelezo hayo hudhani kwamba msomaji anafahamu maisha ya ofisi ya Marekani: mifano yake ni mauzo ya kanda kwa dola, mikopo ya nyumba, na tarehe zinazoanza kwa mwezi.

Hilo la tarehe si dogo. Kompyuta nyingi huwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani. Karani anayeandika malipo ya wakulima wa chai au kahawa ya tarehe 3 Aprili huandika 3/4, na mashine huisoma kuwa tarehe 4 Machi bila kusema lolote. Akiandika 13/4, mashine haioni mwezi wa kumi na tatu, na hivyo huichukua tarehe hiyo kuwa ni maandishi matupu. Baadaye orodha ikipangwa kwa tarehe, nusu yake hukaa mahali pake na nusu hutupwa mwishoni. Karani hujua kwamba kuna kosa. Asilolijua ni jina la kosa hilo, na bila jina hawezi kuliulizia.

4. Tatizo la kuuliza usilolijua

Hapa ndipo penye kiini cha udhaifu wa msaada wa ndani, na udhaifu huo hauwahusu wasemaji wa Kiswahili peke yao. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya majina ambayo watu huvipa vitu katika kompyuta. Waligundua kwamba watu wawili wakitakiwa kukipa kitu kimoja jina, uwezekano wa wote wawili kuchagua neno lile lile ulikuwa chini ya 20 kwa 100. Hao walikuwa wasemaji wa lugha moja. Mwaka huo huo John Carroll na Mary Beth Rosson walieleza kwamba mtumiaji wa kompyuta hasomi maelekezo hata yanapokuwepo, kwa kuwa anachotaka ni kumaliza kazi iliyo mbele yake, si kujifunza chombo. Ukiunganisha matokeo haya mawili, utaona kwamba mtu hufungua msaada akiwa amekwisha kukwama, akiwa na haraka, na akiwa na neno lisilo sahihi.

Mfano wa shule ya sekondari waweza kulifafanua jambo hili. Mwalimu wa darasa ana orodha ya wanafunzi na alama za masomo yao, naye anatakiwa atoe wastani wa kila mmoja na nafasi yake darasani. Katika lugha ya shule za Kenya wastani huitwa «mean», na nafasi huitwa «position». Ndivyo yasemavyo matokeo ya mitihani, na ndivyo wasemavyo wazazi. Mwalimu akiandika fomula kwa neno MEAN, programu humjibu kwa alama ya #NAME?, maana jina linalotambuliwa na Excel ni AVERAGE. Akitafuta habari za «position» katika msaada, huenda akaonyeshwa namna ya kuhamisha picha na michoro, kwa sababu programu huiita nafasi ya mwanafunzi RANK. Mwalimu huyu si mjinga wa hesabu wala wa Kiingereza. Amejifunza Kiingereza kingine, na programu haina daraja la kumvusha kama lile walilojengewa watu wa Lotus.

Zaidi ya hayo, jibu lenyewe la #NAME? si maelezo. Kadhalika #REF! na #VALUE!. Ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza vilivyotiwa alama za mshangao, na msomaji wa Mikinduri huviona kama karipio. Mjerumani huandika SUMME na MITTELWERT katika Excel yake, na Mfaransa SOMME na MOYENNE. Wao walitafsiriwa hata majina ya fomula. Kwa hiyo hoja kwamba majina ya fomula ni ishara za kihisabati zisizo na lugha haina msingi. Ni maneno, na yamekwisha kutafsiriwa palipoonekana pana faida.

5. Kiswahili kinaingia

Mwaka 2004 ni mwaka wa kukumbukwa katika historia hii. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi ulioitwa Kilinux, uliofadhiliwa na shirika la misaada la Sweden, Sida, na kuendeshwa pamoja na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitafsiri programu huria ya OpenOffice na kuitoa mwezi Desemba kwa jina la Jambo OpenOffice. Ndani yake mlikuwa na lahajedwali kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft ilitangaza mpango wa kutoa Windows na Office kwa Kiswahili, na ilielezwa kwamba kazi ingeanza kwa kuwakusanya wataalamu wa nchi mbalimbali za Afrika Mashariki ili kusanifisha istilahi zipatazo 3,000. Katika miaka iliyofuata vilitolewa vifurushi vya lugha kwa ajili ya Office 2003 na matoleo ya baadaye.

Kazi hiyo ilileta maneno mengi yanayofaa. Neno lahajedwali lenyewe, lililoundwa kwa laha na jedwali, linaeleweka bila taabu. Bofya, ambalo zamani lilikuwa neno la kuminya kitu kwa vidole kama mtu anayejaribu uivu wa embe, lilipewa kazi mpya na likakubalika. Safu wima na safu mlalo yaliondoa utata wa safu mbili zinazokatana. Hakuna anayeweza kusema kwamba wanaistilahi walilala.

Lakini ni kitu gani hasa kilichotafsiriwa? Vifurushi hivyo vya Microsoft vilikuwa vya kufunika uso wa programu: menyu, vitufe na visanduku vya maswali vitumiwavyo sana. Maandishi ya msaada yalibaki katika Kiingereza. Kwa upande wa programu huria, LibreOffice, iliyorithi kazi ya OpenOffice tangu mwaka 2010, ina uso wa Kiswahili cha Tanzania, lakini vifurushi vyake vya msaada havina Kiswahili. Ni jambo la kufikirisha kwamba Kioromo kina kifurushi cha msaada katika programu hiyo hiyo. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba lugha za eneo hili la Afrika haziwezi kubeba maelezo ya namna hiyo, au kwamba kazi ni kubwa kupita uwezo wa watu.

Matokeo kwa mtumiaji ni ya ajabu kidogo. Mtu wa Mikinduri aliyechagua uso wa Kiswahili huona kitufe kilichoandikwa Msaada. Akikibofya, hufunguliwa ukurasa wa Kiingereza unaomwambia atafute katika menyu neno la Kiingereza ambalo halimo tena katika skrini yake, kwa kuwa limekwisha kutafsiriwa. Aliyebaki na uso wa Kiingereza angalau huona neno lile lile katika ukurasa na katika menyu. Hivyo tafsiri ya nusu imemfanya msomaji wa Kiswahili awe katika hali ngumu kuliko asiyetafsiriwa kabisa, na ni rahisi kuelewa kwa nini wengi walioujaribu uso wa Kiswahili waurudie wa Kiingereza. Baadaye huonekana kama kwamba watu wamekikataa Kiswahili, kumbe wamekataa kupotezwa njia.

Inafaa kulinganisha na M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom nchini Kenya mwaka 2007. Mteja wake aweza kuchagua Kiswahili, na akishachagua, menyu, maswali na ujumbe wa kuthibitisha malipo huja kwa lugha hiyo hiyo. Hapo hapana mahali ambapo Kiswahili humwachia mteja njiani. Fedha za watu zimehesabiwa, zimetumwa na zimepokewa kwa maelezo hayo. Ni kweli kwamba maelezo ya M-Pesa ni mafupi na ya lahajedwali ni marefu. Hata hivyo kanuni ni moja: lugha ikianza mazungumzo, sharti iyamalize.

6. Kwa nini istilahi hazikutosha

Sababu ya kwanza ya upungufu huu ni ya kiuchumi, nayo haihitaji kurefushwa. Uso wa programu una maneno machache na huonekana katika picha za uzinduzi. Msaada una kurasa nyingi, hubadilika kila toleo, na hakuna anayeupiga picha.

Sababu ya pili inaihusu taaluma. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na baadaye katika kazi za Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967, maendeleo ya Kiswahili katika fani mpya yamekuwa yakipimwa kwa orodha ya istilahi. Orodha ina mwanzo na mwisho, huchapishwa, hupingwa na kusanifishwa. Kwa hiyo lugha ya kompyuta ilipokuja, ilipokewa kwa chombo kilichokuwa tayari mkononi. Maswali yaliyoulizwa yalikuwa ya namna ya «hiki kiitwe nini?» Swali la «hiki kielezweje?» halikuulizwa sana, na hali ndilo analouliza mtumiaji.

Kwamba maelezo yana matatizo yake ya kiisimu, tofauti na yale ya istilahi, huonekana hata katika sentensi fupi zitolewazo na programu. Kwa Kiingereza mtungaji huandika kiolezo kimoja cha kutangaza kwamba kitu fulani kimefutwa, na mashine hujaza jina la kitu. Kwa Kiswahili kiolezo kimoja hakitoshi, kwa sababu ya upatanisho wa ngeli: jedwali limefutwa, chati imefutwa, kisanduku kimefutwa, mstari umefutwa. Mfasiri aliyepewa orodha ya vipande visivyo na muktadha huchagua «imefutwa» kwa yote, na matokeo yake ni Kiswahili kinachomkera msomaji wa darasa la sita. Dawa yake si istilahi nyingine. Ni kuigeuza sentensi ili kitenzi kipatane na mtumiaji: «Umefuta jedwali», «Umefuta kisanduku». Ufumbuzi kama huu hupatikana kwa mtu anayefikiri kwa sentensi, si kwa neno.

Wala haifai kudhaniwa kwamba Kiswahili hakina desturi ya nathari ya maelekezo. Mradi wa elimu ya watu wazima ulioendeshwa katika mikoa ya Ziwa nchini Tanzania kuanzia mwaka 1968 ulitoa vitabu vya kwanza vilivyofundisha kusoma kwa njia ya kueleza kilimo cha pamba, migomba na uvuvi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwaeleza wakulima, kwa redio na kwa vijitabu, namna ya kuchimba choo na kujikinga na malaria. Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963, kiliwafundisha wanaushirika uwekaji wa hesabu. Waandishi wa kazi hizo walianza na kazi ya msomaji: ana shamba, ana kisima, ana daftari, afanye nini kwanza, na kisha nini, na ataonaje kwamba amekosea? Huo ndio utaratibu hasa unaotakiwa katika msaada wa lahajedwali. Katika mwongo wa 2000 urithi huu haukuitwa mezani. Wakaitwa wanaistilahi peke yao.

Hata neno lililochaguliwa kuandikwa juu ya kitufe lina la kusema. Msaada, katika matumizi ya nusu karne iliyopita Afrika Mashariki, umekuwa ni kitu kitokacho kwa mfadhili: chakula cha msaada, fedha za msaada. Anayepewa hana haki ya kuuliza umepimwaje. Maelekezo na mwongozo ni maneno yanayomweka mtu mahali pengine, yaani mahali pa mwenye kazi anayeonyeshwa njia. Si lazima neno libadilishwe, kwa kuwa limekwisha kuenea. Lakini yafaa wanaoandika maelezo wakumbuke ni kazi ipi wanayoifanya.

7. Msaada wa mtu kwa mtu

Kwa kuwa msaada wa ndani haukuwafikia, watu walijitengenezea wao. Katika miaka ya 1990 vyuo vidogo vya kompyuta vilienea katika miji ya Kenya, vikifundisha mfululizo wa programu, na Lotus 1-2-3 ikiwa mojawapo kabla ya Excel kuchukua nafasi yake. Mwanafunzi aliondoka na karatasi za hatua za kukariri. Karatasi hizo zilikuwa ndiyo msaada wake, na zilifaa mpaka toleo jipya lilipohamisha vitufe.

Leo mtu aliyekwama Mikinduri humwendea anayejua: mwalimu kijana, au karani wa saiba. Maelezo anayopewa huwa ya lugha tatu kwa pamoja. Mwelekezaji huanza kwa Kimeru, huingia Kiswahili, na amri za mashine huzitaja kwa Kiingereza kilichovishwa viambishi: «Selekti hizi zote, kopi, halafu upesti pale chini.» Mwanaisimu asiyapuuze maneno haya. Yana mambo matatu ambayo msaada wa ndani hauna. Kwanza, yanataja vitu kwa majina yale yale yanayoonekana katika skrini ya mwulizaji. Pili, yanaanza na kazi aliyonayo mwulizaji, si na jina la chombo. Tatu, mwelekezaji husubiri aone kama imefaulu, na ikiwa haikufaulu hubadilisha maneno yake.

Tangu mwaka 2022 zimeenea programu zinazojibu maswali kwa lugha ya kawaida, Kiswahili kikiwemo, na wengine wameona kwamba tatizo la msaada limekwisha. Ni kweli kwamba sasa mwalimu aweza kuuliza kwa neno «nafasi» na akaeleweka. Lakini mashine hizo hujifunza kutokana na yaliyoandikwa, na maelezo ya lahajedwali yaliyoandikwa kwa Kiswahili ni machache. Mtu huweza kujibiwa kwa maneno mazuri yasiyolingana na yale yaliyomo katika menyu yake, au kwa istilahi ya nchi nyingine. Deni la nathari iliyoachwa bila kuandikwa halikufutwa na mashine hizo.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba msaada wa ndani ulianza kama kitabu cha mezani mwaka 1979, ukaingia ndani ya programu mwaka 1983, ukajaribu kujifanya mtu mwaka 1997, na hatimaye ukahamia katika mtandao. Katika hatua zote hizo udhaifu wake mkubwa ulibaki ule ule, yaani kumtaka mwulizaji ajue jina la asichokijua. Kiswahili kilipoingia mwaka 2004 kiliingia mlangoni tu. Majina yaliwekwa, maelezo hayakuwekwa, na mtumiaji akaachwa katikati ya lugha mbili.

Kazi iliyobaki si ya makampuni peke yao. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Wachache wao wakitumwa Mikinduri na mahali kama Mikinduri, wakaandika maswali wanayouliza walimu na makarani kwa maneno yale yale waliyoyatumia, kisha wakayajibu kwa nathari nyepesi iliyojaribiwa mbele ya waulizaji wenyewe, utapatikana mwongozo ambao haujapata kuwapo. Faharasa yake sharti iwe na wastani, «mean» na AVERAGE mahali pamoja. Iwe na nafasi na RANK. Iwe na tarehe isiyokubalika na sababu yake. Katika mwongozo kama huo istilahi nazo zitapata mtihani wake wa kweli, maana neno litakalokwamisha sentensi litaonekana mara moja. Karani wa Mikinduri hana haja ya kujua mashine iliyo mbele yake iitwe tarakilishi au ngamizi. Ana malipo ya wakulima ya kufunga mwisho wa mwezi, na tarehe zake hazijipangi.